Sentimita Thelathini na Sita

3 Machi

Binti yangu Spoku,

Salamu nyingi, natumaini hujambo huko gerejini kwako. Mimi mwili hauna neno, ila macho. Miaka mitano hatujaandikiana, na najua ukiuona mwandiko huu utataka kuichana barua. Isome kwanza, kisha uichane.

Unalikumbuka lile bati letu la kupimia, nililolikata kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi nikalichora mistari ya digrii mwenyewe? Tulilifunga kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ya lori la mwenye mikate, ukaweka spoku ya baiskeli iwe mshale, ukasoma valvu inafunguka digrii ya ngapi. Tulipoliwasha lori, valvu zikagonga pistoni, zote nane zikapinda. Nikakugeukia mbele ya watu nikasema hujui kuhesabu. Ukaweka spana chini, ukaondoka.

Mwanangu, ulihesabu sawasawa. Tundu la katikati nililitoboa kwa kukadiria, likakaa upande, na mistari yote ikadanganya. Niligundua siku ya tatu baada ya wewe kuondoka, nawe ulikuwa bado kwa shangazi yako, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nilivaa viatu, nikavivua. Niliona aibu, na aibu ile imenikosesha wewe.

Sasa daktari anasema macho yanakufa kwa presha ya ndani ya jicho na hayatarudi. Nataka kutengeneza bati jipya, lakini mistari siioni. Njoo unisaidie, nami nikuone kabla ya giza.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole sana kwa macho. Mimi mzima, lakini barua yako imeniuma. Siku ya tatu! Nilikaa kwa shangazi wiki mbili, mlango ukigongwa nainuka. Huku tuna vipimo vya dukani vya kila aina, na bado wenzangu wananiita Fundi Tena, kwa sababu kila valvu naipima mara tatu. Nilidhani nina kasoro kichwani. Kumbe kasoro ilikuwa kwenye mfuniko wa ndoo.

Siji, Baba. Si sasa. Nikija na hasira hii nitasema mambo ambayo sitaweza kuyarudisha.

Lakini bati usilichore tena. Chukua ule utepe wa mama, wa kupimia nguo. Toboa tundu kwanza, ndipo ukate duara kulizunguka, upana wake sentimita kumi na moja na nusu. Lipunguze kwa tupa kidogo kidogo pande zote, mpaka utepe ukilizunguka ukutane kwenye thelathini na sita kamili. Hapo kila milimita ni digrii moja. Kata alama kila sentimita, usome kwa ukucha.

Binti yako

17 Aprili

Spoku wangu,

Habari za siku nyingi? Nimefurahi umejibu, hata kama umenijibu kwa kunichapa. Nilistahili.

Bati nimelikata. Mawili niliyaharibu kwa kuzidisha tupa, la tatu utepe ukakutana. Kwenye sifuri nimekata alama mbili ili kidole kisipotee. Nimelijaribu kwenye injini ya pampu ya mwenye bustani, inanguruma vizuri. Sasa wateja wanadhani nina akili, nami nawaambia akili ni ya binti yangu.

Tena nimewaambia wote gerejini kwamba kosa la lile lori lilikuwa langu. Mwenye mikate nilimfuata hadi kwake. Aliuliza tu kama na wewe umeshaambiwa.

Jicho la kushoto limezima. La kulia bado linaona mlango, na nani kasimama mlangoni. Sikuharakishi.

Baba yako

11 Agosti

Baba,

Shikamoo, na naomba unisamehe ukimya. Barua yako nimetembea nayo miezi minne kwenye mfuko wa ovaroli, imeloa oili. Hasira yenyewe iliisha Mei. Kilichobaki ni ubishi, na huo unajua nimeurithi kwa nani.

Nimepewa likizo. Nafika tarehe mbili Septemba, basi la asubuhi. Naweka picha yangu humu usije ukanipita stendi, maana nimenenepa, jina la Spoku halinifai tena.

Binti yako

19 Agosti

Spoku wangu,

Barua imefika salama na imenipa nguvu. Mwandiko huu ni wa jirani yetu mshona viatu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza chumvi.

Jicho la kulia lilizima Juni. Sikukuambia, kwa sababu nilishasema sikuharakishi. Usilie. Tumekaa kimya zamu kwa zamu, mimi nilianza.

Stendi nitakuja, jirani atanishika mkono. Wewe ndiye usinipite. Bati liko mezani, nimelipaka grisi lisishike kutu. Ukifika ulipime, maana fundi aliyelikata bado ni mimi, na sitaki bati litudanganye tena.

Picha ninayo mkononi. Mshona viatu anasema umevaa ovaroli ya buluu, umesimama kando ya injini, unacheka. Nimemuuliza mara tatu kama unacheka kweli.

Baba yako