Mugeni wa mu Nyumba Yako

Mama mukwe,

Mi njo Ngoie, muke wa mutoto yako Muteb. Najua haufurahi kuona ni mi naandika. Na mi sifurahi. Lakini hapa Dilala, mu Kolwezi, batu bote banasema marehemu hasemwi mubaya, basi nakuambia weye mwenyewe, hivi hakuna mutu atasema nilikusengenya.

Miaka munane nilikuchukia. Naandika hii neno vile iko, siiweki sukari. Kila asubui nikiosha mutoto uso, nikifika ku jicho ya kushoto, ile yenye ukungu, nilitaja jina yako, na sikuitaja kwa kukuombea.

Na jina yenyewe njo ya mutoto. Muteb alitaka aitwe Mujinga sawa weye, jina ya heshima kwenu. Mi nilitaka Béatrice, lakini ile miaka serikali ilikataza majina ya bazungu, hata padri aliogopa kuiandika. Ikabaki Mujinga tu. Ulinishinda bila kutoka kwenu Musumba.

Unakumbuka wakati ulikuya hapa kwa ndoa yetu? Wiki tatu mu nyumba yetu ya kampani, na kila sahani nilisafisha, weye ulisafisha tena. Ulisafisha tu, polepole, mi naangalia. Sombe yangu ulikula macho imefungwa, sawa mutu anakunywa dawa. Mama yangu aliniambia: uyu mukwe utamujua. Nikakujua.

Basi tuseme ile konje, ile likizo ya Muteb. Mutoto alikuwa na miezi saba. Muteb alipata mwezi muzima ya kupumzika, akasema twende Musumba, mama amuone mutoto wa jina yake. Mi nilikataa. Mutoto wa maziwa, treni mupaka Kasaji, kisha kamio ya mizigo mupaka Sandoa, kisha kamio ingine mupaka kwenu, mu vumbi ya mwezi wa saba? Nilimuambia aende peke yake, abebe picha. Tulibishana siku na siku. Mwisho nikasema: tumuulize mama yako. Kama ni yeye anaita mutoto, nitafunga valizi.

Tukaenda ku depo ya Tata Saleh, ule mutu wa Maniema mwenye makamio ya kwenda Kapanga, upande wa kwenu. Alikuwa na foni, ile masini ya kusemea mu hewa, yenye kulia sawa mafuta ya moto mu kikaango, na mutu wake wa Musumba alikuwa na ingine. Tulituma ulizo. Kesho yake jibu ikakuya, sauti ya ule mutu mu kelele: "Mama Mujinga anasema, kuko mugeni mu nyumba. Mulete mutoto."

Nilisikia na masikio yangu mbili. Muteb alisikia. Tata Saleh alisikia. Muteb alifurahi sana, akasema kumbe mukubwa fulani wa jamaa amefika, banataka kumuonyesha mutoto. Nikafunga valizi.

Siku tano, mama mukwe. Mu treni nilianika bilamba ya mutoto pa dirisha, ikarudia na masizi. Juu ya kamio tulikala ku magunia ya mahindi, na kila mara kamio inaruka, mi namuinua mutoto na mikono mbili juu ya magoti, kichwa yake isigonge. Kufika Sandoa mikono ilikuwa imekufa ganzi, bamama bengine bakamushika zamu kwa zamu. Mi nilikuwa najisemea: sasa huyu mukwe ataona mi ni mutu.

Tulifika kwenu muchana. Weye ulisimama pa mulango, haukutoka. Mikono uliweka mugongoni, sawa komisere wa zone anapita kukagua batu. Haukuinyoosha ku mutoto hata kidogo. Ulisema mbele ya majirani bote: "Nilisema musilete. Kuko mugeni mu nyumba. Murudie leo leo."

Na mi nilikuita muongo. Mukwe wangu, mama wa bwana yangu, nilikuita muongo na kinywa yangu, na batu bakashika vichwa.

Muke wa katekiste njo alinivuta kando, akanieleza mugeni ni nani. Surua. Batoto babili ba binti yako balikuwa banalala nayo mule ndani, na kwenu surua ikiingia mu nyumba hamuitaji jina, isisikie ikakala. Munaiita mugeni. Nikasema, haya, nimeelewa: ameita mutoto wangu ndani ya surua, sasa anaona haya, anajifanya alikataza. Ile njo nilibeba nayo miaka munane.

Mutoto aligonjwa ile surua hapa Kolwezi, kisha ya kurudia. Alipona. Jicho haikupona. Muteb kila konje alienda kwenu peke yake. Ulituma salamu, ulituma kuomba mutoto aletwe, ulituma asali. Asali nilikula. Mutoto sikuleta.

Mwezi huu Tata Saleh alituma mutu kutuita ku depo. Foni ikalia. Sauti ikasema umekufa, kisha ikasema: "Mungoje." Muteb aliuliza tungoje nini. Sauti ikarudilia: "Mungoje." Tata Saleh akakaza kifungo ya masini, akasema rudilia tena, polepole. Na mara ya tatu kelele ikashuka kidogo, tukasikia: "Musingoje. Tulimuzika jana."

Batu bote mu ile depo balikuwa banakulilia. Mi nilikuwa natazama masini. Ile "si" ilimezwa mara mbili, na mara ya tatu ikatoka. Nikakala chini, ku saruji, na bakafikiri ni kilio.

Basi ulisema musilete.

Lakini juu ya nini "mugeni"? Nakuuliza! Nani mu dunia nzima anatuma mugeni ku foni? Kama ungesema surua, hata kelele imeze maneno yote ingine, ile moja tu ingefika, nisingetoka hapa Dilala. Ulificha jina ya ugonjwa isisikie, na mi njo sikusikia. Nina kasirani na weye. Nilizani ukikufa itapoa, haikupoa.

Na ile mikono. Juzi nikipika bukari, mwiko ikasimama mu sufuria. Weye ulikuwa unatoka kupanguza bale bagonjwa. Uliweka mikono mugongoni isimuguse. Yo, mama mukwe, juu ya nini haukusema? Kwa sahani zangu ulikuwa na mikono, kwa hii haukukuwa na kinywa.

Sasa nafika pa ile sikupenda kufika. Ulisema murudie leo leo, na kamio ilikuwa bado pa soko, inashusha magunia. Muteb alitaka tupande. Mi njo nilikataa. Nilienda ku nyumba ya katekiste, nikaweka kiti kando ya njia, mutoto pa magoti, upite unione, batu bote baone vile umefukuza mutoto wa jina yako. Siku tatu nilikala pale. Batoto ba ule mutaa balikuya kumuchezesha, bananusanusa na kukohoa, na mi nilibaacha, kwa sababu nilitaka kelele yao ikufikie. Surua haikutoka mu nyumba yako. Mulango yako ulikuwa umeifunga.

Mujinga ana miaka munane. Nilimufundisha kusema nkambo yake, ni weye, njo alimuharibia jicho. Anasema vizuri, bila kukosa, hata ku batoto benzake ba masomo.

Konje ya Muteb iko mwezi wa saba. Namuleta. Nasema tena, kelele isimeze kitu: namuleta. Tutapanda treni na kamio ile ile, nitasimama naye pa kaburi yako, na nitamuambia mbele yako nani alisema murudie, na nani alikala siku tatu. Kisha yeye mwenyewe atajua atachukia nani.

Lala, mama mukwe. Sijakusamehe ile neno "mugeni". Lakini sahani za kilio chako, njo mi nitazisafisha, na nitazisafisha mara mbili.

Ngoie