Masizi Yasiyotua

KwaDukuza, tarehe 8 Septemba. Ni miezi mitano na siku tatu tangu niondoke Lusikisiki.

Mke wangu Nosakhele,

Hapa mvua imetusahau. Kambi wameipaka rangi ya kijani, lakini uji wao ni ule ule.

Unajua tunachoma miwa kabla ya kuikata, na masizi huelea angani kutwa nzima kama ndege wasio na haraka. Siku hizi hata yananipendeza. Wiki jana nilikuwa nayapunga yasinitulie usoni, mwenzangu Zolile akacheka.

"We mzee, unamfukuza nani?"

"Masizi."

"Masizi gani? Leo hakuna aliyechoma!"

Nikafumba jicho la kulia, anga ikawa safi. Nikalifumbua, yakarudi, yakielea polepole.

Daktari alilimulika jicho kwa ndani. Akasema ni damu. Ile sukari yangu imetoboa vimishipa. Kisha akauliza, "Na kifua, baba?" Nikashangaa, mimi nimeleta jicho. Akasema jicho na moyo hunywa damu moja, na mishipa anayoiona ikiharibika, lazima aiulizie asiyoiona. Ndipo nikakiri nisilokuandikia: tangu Juni kifua hunibana nikibeba miwa.

Jumatano ya tarehe 17 watalichoma jicho kwa mwanga ili damu ikome, na moyo utapimwa. Panga nimeshalirudisha. Krismasi siisubiri tena. Nitashuka basi Ijumaa ya tarehe 19, alasiri. Usimtume mtu kunipokea. Njoo mwenyewe, nikuone wakati bado naona.

Mumeo,
Vuyisile