Mshahara wa Mpiga Mbiu

Malindi,
Jumanne, 7 Oktoba 1913

Kwa kaka yangu mpenzi Gona,

Shikamoo, kaka. Nakuletea salamu kwa wingi, nikitumaini zitakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa palizi sasa linakuacha ulale. Mama hajambo? Shemeji na watoto je? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa au bado anatuchezea? Mimi hapa ni mzima wa mwili, sauti ipo na njaa sina. Ya moyo nitayasema mbele. Mwalimu Ngala, anayekusomea barua hii, naye nampa shikamoo yake, na namwomba asiwe na haraka, kwani yeye ndiye aliyenifundisha kuandika na leo ataona aibu kwa mwandiko wangu. Nimeinuka mkekani mara tatu kabla ya kumaliza mistari hii michache.

Barua yako niliipata Ijumaa. Umeniambia kuwa Mzee Mramba amekubali kunipa Kanze, na kwamba wewe umekwisha kutenga mitamba wawili wa mahari, unangoja neno langu tu. Nilifurahi, kaka, halafu nikakaa chini. Mwaka jana mzee huyo huyo alisema hatoi binti kwa mtu anayekula kwa kupiga kelele. Leo anasema kijana ana koti la serikali, na kwa kuwa minazi yake ya kule mtoni imemtoka mikononi, anataka mkwe mwenye mshahara wa kila mwezi. Ndiyo maana umeniuliza napata kiasi gani, na kazi hii itanifikisha wapi. Nitakujibu yote, hata usiyoyauliza.

Miaka minne ya kwanza sikuwa na mshahara. Nilikuwa chini ya Mzee Lewa, mpiga mbiu mkuu wa mji, aliyeajiriwa na serikali tangu mimi sijaota meno. Yeye alitangaza amri za Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na mimi nilipata makombo: mbuzi aliyepotea, harusi, mnada wa vyombo, ngozi zinazotakiwa. Mbiu moja senti ishirini na tano, mji mzima, vichochoro vyote, jua likiwa pale juu. Ya msiba hatuchukui kitu. Hiyo ni desturi ya kazi na Mzee Lewa hakuniruhusu hata kupokea sahani ya wali kabla maiti hajazikwa. Wiki yenye vifo vingi, basi, mpiga mbiu ndiye anayeshindwa kununua samaki.

Tajiri wangu mkubwa alikuwa Manilal, mwenye duka la nguo na taa karibu na forodha. Meli ikileta marobota mapya, ananiita nikatangaze kanga na bei zake. Anasimama mlangoni akisikiliza nilivyo mbali, na nikirudi anadai kuwa mtaa wa pili sauti ilikuwa ndogo, kwa hivyo malipo nusu. Mkewe, Motiben, humkemea kwa lugha yao, kisha hunipa maziwa ya moto yenye viungo, na mimi hunyamaza nikanywa. Watu wa mji mzima wanajua jina langu, kaka. Watoto huniigiza wakipita. Lakini mtu hanikaribishi ndani aulize kama nimekula. Wananiuliza tu kuna habari gani leo.

Kuhusu kupanda cheo, sikufichi. Mzee Lewa aliniambia kuwa mpiga mbiu hodari huweza kufanywa tarishi wa kupeleka barua, na tarishi mwenye akili huweza kuwa mkalimani barazani, ambaye hukaa kitini na watu humsogelea. Nilipomuuliza yeye alikwama wapi, alisema kila Bwana Shauri mpya alimwona anafaa sana pale pale alipo. Na sasa Manilal ameleta kinanda cha santuri kutoka Mombasa. Ni sanduku lenye pembe ya bati, linaimba kwa sauti ya mtu asiyekuwepo. Watu wamejaa dukani kwake hata wengine hukalia magunia. Aliniambia akicheka kwamba huyu hali, hanywi maziwa wala hadai senti ishirini na tano. Mimi pia nilicheka. Nilipofika kwangu sikucheka tena.

Mwezi uliopita nikaitwa ofisini. Rupia kumi kwa mwezi, kanzu mbili kwa mwaka, na koti jeusi lenye vifungo vya shaba. Nafasi ya Mzee Lewa. Nililivaa koti siku hiyo hiyo, nikapita mbele ya duka la Manilal mara mbili bila kuwa na shughuli huko. Tangu siku hiyo situlii. Nikikaa naona nisimame, nikisimama naona nitembee, na chakula nakimaliza bila kujua nimekula nini.

Mwalimu Ngala, hapa naomba usishushe sauti. Kaka, kama Mzee Mramba hayupo hapo, tuma mtu akamwite, mngojeni mpaka afike, kisha barua iendelee.

Mnakumbuka mwezi wa tisa, Mzungu wa mashamba alipokuja Malindi na kitabu chake. Kila mwenye minazi au shamba upande wa mtoni alitakiwa afike siku moja na mashahidi wake, aseme mipaka yake, aweke kidole, na asiyefika shamba lake litahesabiwa kuwa la serikali. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ofisi ilimpa Mzee Lewa siku hiyo, naye akanipa mimi kama alivyopewa: Alhamisi. Yeye akazunguka mjini, na mimi, kwa kuwa ni Mgiriama, nikatumwa kwenu nitangaze kwa lugha yetu. Wazee wa kwetu hawaendi kwa Jumatatu na Jumanne za watu wa mjini. Wanahesabu siku zetu nne, na ya nne ni jumwa, siku ya kuweka jembe chini. Kwa hivyo ilinibidi niitafute hiyo Alhamisi ni siku gani ya kwetu.

Na mimi, kaka, sikujua. Miaka minne nimekaa na watu wa siku saba, jumwa imenitoka kichwani. Jumamosi iliyotangulia niliona watu wengi wa kwetu wamejaa barazani kwa Manilal, nikasema moyoni, ah, leo jumwa, hawakulima. Kumbe Manilal alikuwa ananunua mahindi kabla meli haijaondoka, nao walikuwa wameacha kazi zao wakaja kuuza. Jumwa ilikuwa kesho yake. Nikahesabu siku nne kutoka Jumamosi, nikaifanya Jumatano kuwa jumwa, na nikapita huko kwenu mji kwa mji nikipiga baragumu na kutangaza kuwa Mzungu wa kitabu atakaa siku inayofuata jumwa. Jumwa ya kweli ilikuwa ile ile Alhamisi. Watu wetu walikaa nyumbani wakipumzika siku waliyotakiwa wawe mbele yake. Walifika Ijumaa, na kitabu kilikwisha kufungwa.

Ningeweza kuuliza. Hilo ndilo linalonitafuna. Katika mji wa kwanza tu alikuwako bibi mmoja anatwanga, na kumuuliza leo siku gani kungenichukua muda wa kumeza mate. Lakini nilikuwa na baragumu mkononi na watoto nyuma yangu, nikaona haya. Watasemaje, Mgiriama aliyekwenda mjini hajui hata jumwa? Kwa haya hiyo Mzee Mramba amepoteza minazi ambayo baba yake aliipanda, na pamoja naye watu kumi na mmoja.

Bado sijamaliza. Watu walipolalamika, karani wa Bwana Shauri alituita sote wawili. Mzee Lewa alisema alinipa Alhamisi. Karani akasema mzee huyu amechoka, siku hizi husahau hata alikoacha viatu, akanigeukia mimi akaniuliza niliambiwa siku gani. Nikainamisha kichwa nikatazama sakafu. Sikusema uwongo hata neno moja, kaka. Nilinyamaza tu, na karani akachukua kunyamaza kwangu kuwa heshima ya kijana asiyetaka kumwaibisha mkubwa wake. Mzee Lewa akafukuzwa baada ya miaka yote ile. Wiki iliyofuata nikapewa koti. Wewe uliniandikia kuwa Mzee Mramba anamlaani Lewa kila akiamka. Laana hizo zilikuwa zangu.

Barua yako ya Ijumaa ndiyo iliyonishinda. Mtu niliyempotezea shamba anipe binti yake kwa sababu ya koti nililolipata kwa kumpotezea shamba! Nilijaribu kuandika jibu la ndiyo. Niliandika mpaka kwenye salamu za Mama, nikachana. Kisha nikasikia kuwa Mzungu wa mashamba amerejea kutoka Lamu na anangoja meli ya kwenda Mombasa.

Jana asubuhi nilikwenda barazani. Nilivua koti nikaliweka juu ya meza ya karani, nikasema yote mbele ya Bwana Shauri na yule Mzungu wa kitabu, na Mzee Lewa nilikuwa nimemwomba aje asikie. Bwana Shauri alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Alisema rupia za mwezi huu sitaziona, na kwamba nastahili kufungwa, ila neno hilo ataliamua baada ya kazi kwisha. Yule wa kitabu aliuliza kama niko tayari kuapa mbele ya wenye mashamba kuwa mbiu yangu ndiyo iliyowapotosha. Nikasema niko tayari. Basi akasema atakifungua kitabu siku moja tu, kwa wale kumi na wawili, na mwingine asije.

Mzee Lewa amerudishiwa baragumu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliligeuza geuza kutazama kama nimelibamiza mahali, kisha akaniuliza kwa nini sikumwuliza yeye, maana mkewe ni Mgiriama na nyumbani kwake jumwa haijawahi kupotea. Nilipoomba radhi alisema ameisikia, na kwamba nisimzuie, ana mbiu ya msiba ya kupiga. Mimi nililia pale pale kizingitini, kaka, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku yenyewe ni Jumatatu ijayo. Nimemuuliza mke wa Mzee Lewa, nimemuuliza Kahonzi, mama anayeleta kuni kutoka huko ambaye ndiye aliyekubali kubeba barua hii, na leo nimesimama njiani nikauliza watu watatu nisiowajua, mmoja akaniona nina wazimu. Wote wamesema neno moja. Kahonzi atawafikia kesho, Jumatano. Keshokutwa, Alhamisi, ni jumwa. Hiyo siyo. Ni jumwa inayofuata, jumwa yenyewe, si mkesha wake wala kesho yake. Tokeni alfajiri, na kila mtu aje na mashahidi wawili wanaojua mipaka yake. Kaka, nakuomba uwapitie wote kumi na wawili kwa miguu yako, hata kama goti litalalamika. Usimtume mtu.

Kuhusu mahari, wazuie mitamba wako. Uliniuliza kazi hii itanifikisha wapi, na jibu ni kwamba sina kazi. Labda nitabeba mizigo forodhani kama sitakuwa jela. Kanze mwambieni ukweli huu huu, asiusikie kisimani umebadilika. Sitathubutu kumwomba aningoje. Nampenda, na hilo nalisema wazi kwa kuwa Mwalimu Ngala analisoma mbele ya baba yake na hakuna la kuficha lililobaki.

Nisalimie Mama kwa upole, na umwambie kuwa ninakula. Wasalimie shemeji na watoto, na majirani wa kulia na wa kushoto, wale watakaokubali salamu yangu. Salamu za Mzee Mramba sizitumi, kwa kuwa sina haki nazo. Mwambie tu kwamba Jumatatu nitakuwa nimesimama mlangoni pa baraza, bila koti, mahali ambapo hawezi kuingia asinione. Akitaka kunipiga fimbo sitakimbia. Ila namwomba aingie kwanza, akaweke kidole chake kitabuni.

Ni mimi mdogo wako,
Kiponda