Maksai wa Kulipa Deni la Serikali

Mjukuu wangu Amoit,

Hapa Amagoro tu wazima. Mguu wa babu yako umepona na mahindi yameota. Umeniuliza kama deni la serikali linakuhusu, wewe uliye mbali. Hata mimi sielewi vizuri, lakini nitakuambia nilichoona.

Miaka ya sitini, nilipomaliza shule, tangazo la bondi, zile karatasi ambazo serikali hukopea pesa, lilibandikwa mlangoni kwa chifu. Baba alinipeleka nimsomee. Kiingereza kilinitisha. Nikanong'ona, "Serikali imekopa. Walipa kodi watalipa."

Kwetu ukoo ukidaiwa, kila boma hutoa ng'ombe. Kesho yake baba akapeleka kwa chifu mmoja wa maksai wetu wawili wa kulimia, nami nikamfuata, na shamba bado halijalimwa.

"Mzee, hii ni ofisi, si zizi!" karani wa chifu akacheka.

"Nimeleta sehemu yangu. Lakini kwetu aliyekopa husimama kwanza, aseme alikopea nini. Nani atasimama?"

"Yote yameandikwa pale. Muulize binti yako, si amesoma?"

Watu waliokuwa foleni wakanigeukia. Nilisoma tena lile tangazo.

"Baba, wameandika watakaolipa. Pesa ni za kazi gani, hawakuandika."

 Baba akashika kamba. "Basi maksai atangoja nyumbani mpaka mtu asimame."

Tulilima naye mpaka akazeeka. Sijui kama baba alikosea, Amoit. Ila redio ikitangaza deni jipya, mimi huongeza sauti, nisikie kama kuna aliyesimama.

Ule vizuri huko.

Nyanya yako