Betri Nilizoanika Juani

Akeyo nyathina, mtoto wangu uliye mbali,

Hii barua nimeiandika mara mbili. Ya kwanza niliichoma. Hii hutaisoma peke yako, maana nimempa katibu wa kikundi cha wafugaji samaki hapa Sindo aisome kwa sauti Jumamosi, kabla hawajapiga kura ya kung'oa vifaa vyako kutoka kwa vizimba vyao.

Unakumbuka chumba chetu cha Suna? Nikienda soko la Ndhiwa kuuza omena, dagaa wetu wa ziwani, nilikuwa nakufungia ndani, nakuambia usimfungulie mtu asiyetaja jina la kuku wetu, Madam. Siku moja mvua ilinishika njiani, nikafika natetemeka, jina limenitoka kabisa. Nikaita, "Akeyo, fungua, ni mimi!" Ukajibu huko ndani, "Sauti ni ya mama, lakini jina sijasikia." Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Nilinyeshewa hapo hadi nikalikumbuka.

Ulipoleta vifaa vya utafiti wako, vile vinakaa majini kupima hewa ya samaki na kutuma habari bila waya kwa kisanduku kilicho kwa ukuta wa jiko langu, nacho kionye wafugaji kwa simu hewa ikipungua, ulinieleza kwa kisa hicho hicho. Kila kifaa kina jina lake la siri. Kisichojua jina, kisanduku hakikisikilizi. Hapo nilielewa. Ukaniambia pia vinalala. "Mama, vinaamka kidogo, vinasema, vinalala tena. Ndiyo betri idumu. Hata kisanduku ni hivyo. Usishtuke ukiona taa imezima." Ukanipa ufunguo wake, ukacheka. "Lakini ukikifungua, kitaniambia."

Hiyo ya kulala moyo wangu ulikataa. Ukiwa mdogo, ukishikwa na homa, nilikuwa naweka kidole chini ya pua yako nione kama unapumua. Sasa taa ikakaa kimya asubuhi nzima. Nikaona kazi yako inafia mikononi mwangu. Nikafungua kisanduku, nikatoa betri, nikazianika juu ya mabati kando ya omena, vile tulifanya na betri za redio kule Suna, na kazi ya kuzigeuza ilikuwa yako.

Nilipozirudisha, jua lilikuwa limeshuka. Upepo ulikuwa umegeuka na maji yamekuwa meusi, hayana hewa. Hakuna simu ya mtu iliyopata onyo. Kwenu huko ulikuwa usiku, umelala. Ngege, samaki wa Nyar Ndhiwa, jirani yangu, walikuwa wanaelea matumbo juu, kizimba kizima.

"Min Akeyo," aliniambia mbele ya watu, "hii mashine ya mtoto wako ni kama bwana yangu. Siku ya kazi ndio inalala."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Na mimi niliuficha ufunguo.

Kisha ukapiga simu, mwenyekiti wa kikundi akaiweka sauti ya juu tusikie wote. Nilikuwa nimekaa nyuma, ufunguo nimeufunga kwa pembe ya leso. Ukasema, "Kosa ni langu. Sikukitengeneza kisanduku vizuri." Akakuuliza kama kuna mtu alikigusa. Ukasema, "Hapana."

Akeyo, kisanduku kilikuambia. Saa unaijua, na ufunguo ni huo mmoja. Tangu siku hiyo tunaongea juu ya mvua, juu ya mahindi, na ukiniuliza "Mama, uko sawa?" nakujibu niko sawa. Wakiving'oa, miaka yako yote ya kusoma inaenda bure, na wewe umekubali, bora mimi nisiaibike sokoni. Mimi sikukulea unidanganyie watu.

Jumamosi nitasimama barua ikisomwa, nisijipe nafasi ya kujificha nyuma tena. Nyar Ndhiwa atakuwa mbele. Akitaka kunitukana, anitukane. Samaki walikuwa wake. Lakini asikie kwamba vifaa vyako havikulala kazini. Viliita, na aliyefunga mlango ni mimi. Ufunguo nitauweka mezani, wampe mtu asiye na mikono yenye wasiwasi kama yangu.

Wakivibakiza au wakiving'oa, nitakupigia mimi mwenyewe. Usianze kuniuliza kama niko sawa. Niulize jina. Safari hii sijalisahau.

Ni mimi niliye hapa nje ya mlango,
Mama yako.