Paa Nililolipigilia Mwenyewe

Jumatano jioni, Mei 1963. Mvua haijakata tangu Jumapili.

Nimekaa katika jiko la ndugu wa wagonjwa, uani mwa hospitali ya Masafu, nguo zimenigandia mwilini. Mwanangu Wandera yuko wodini, ng'ambo ya ua huu. Siwezi kuingia. Mama mkwe yuko humo.

Afadhali niandike, nisije nikapasuka.

Kijito chetu kilikuwa na madaraja mawili, la juu na la chini, na yote mawili niliyaezeka mimi. Mwaka jana, baada ya Uhuru, kila mtu alitaka kitu kipya. Mbao zilikuwa zinaoza kila masika, nikasema tuziwekee paa, kwisha maneno. Mabati tuliyavusha mpaka kwa baiskeli kutoka Busia ya Kenya. Watu wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Hakuna aliyefikiri, wala mimi fundi mzima, kwamba chenye paa ni nyumba.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chini ya paa moja mpaka sherehe ya wakwe ifanywe. Yangu bado, kila mwaka nasema mwaka ujao. Ukivunja mwiko huo anayeumia ni mtoto, ndivyo tulivyolelewa. Basi tukikutana kijitoni, mmoja hungoja nje mpaka mwenzake atoke. Watu hucheka. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Leo asubuhi daraja la juu limekwenda na maji. Nikachukua mtaimbo nikakimbia kutazama la chini. Nikamkuta mama mkwe katikati yake, Wandera mgongoni. Mke wangu Nabwire amelala kwao na homa, mtoto naye ikampanda usiku, bibi yake akaamua kumkimbiza hospitali. Ubao ulikuwa umemvunjikia, mguu wake umenaswa hadi gotini. Maji yalikuwa yameshafika kwenye mbao.

Aliponiona akafunika uso kwa leso. Mimi ni mtu wa Kirewa, yeye Msamia, lugha zetu mbalimbali, kwa hiyo tunaongea Kiswahili cha sokoni.

"Baba Wandera, simama huko. Hii iko nyumba."

"Mama, maji yanapanda."

"Naona. Lakini mtoto ndio atalipa. Simama."

Mimi ni mtu wa kanisani, Jumapili nasoma somo mbele ya watu. Lakini miguu ilikataa. Nilisimama mvuani nikimsikia mwanangu akihema kwa shida. Nikaichukia mila, nikamchukia mama mkwe, nikajichukia mimi na mabati yangu.

Kisha nikatazama juu.

Nilipanda nguzo nikaanza kung'oa. Misumari niliyoipigilia kwa majivuno niliitoa kwa matusi. Bati moja moja likaenda na maji, mpaka la mwisho, na mvua ikamwagikia kichwani mama mkwe. Akamfunika mtoto, akageuza uso pembeni.

"Sasa iko njia tu," akasema. "Kuja."

Nikaubandua ule ubao kwa mtaimbo, macho yangu yakiwa majini, mkono usimguse. Mguu ukatoka. Hakunipa mtoto mkononi. Alimlaza juu ya mbao, nami nikamwinua.

Tukatembea mpaka hapa, mimi mbele na mtoto, yeye nyuma akichechemea kwa fimbo. Mlangoni wakasema aingie mtu mmoja, mwanamke. Akaingia yeye. Tangu mchana sijui lolote, na Nabwire kule kwao hajui hata kama tuko hai. Paa hili ni la serikali, siwezi kulipandia na mtaimbo.

Juzi juzi Wandera ameanza kusema "baba". Je, kama ananiita humo ndani?

Ngoja. Mlango umefunguka.

Mama mkwe anatoka akichechemea. Hatazami huku. Amevuka ua, amekaa kwenye majani, mvuani kabisa, ameupa mlango mgongo, leso kichwani.

"Baba Wandera," anapaza sauti bila kugeuka, "mtoto ameamka, amekunywa maji. Wewe kwenda kwake. Mimi nakaa hapa."

Nikirudi nyumbani naanza na sherehe ya wakwe. Daraja litangoja.

Naingia. Sitakaa sana, mama ananyeshewa.