Uvimbe Wenye Masikio

Mjukuu wangu Jeni,

Hapa Majengo tu wazima. Dada yangu Ana anapukuchua mahindi uani, anakusalimu.

Umeniuliza: "Bibi, kipimo cha homoni cha uvimbe wa titi kimerudi chanya. Ndiyo nimekwisha?" Neno hilo, chanya, tumelizoea kwa ubaya. Nimemuuliza daktari wa hapa, akasema uvimbe wako una vipokezi, kama masikio. Homoni za mwili wako zikiita, uvimbe unazisikia na kukua.

Nikamkumbuka Ana utotoni. Tulipokimbia kutoka Burundi tukapewa shamba msituni huku, mchana kweupe Ana alikuwa akiinuka na kuelekea mitini.

"We mtoto, unakwenda wapi?" Mama alimuuliza.

"Bibi ananiita."

Bibi yetu tulikuwa tumemzika njiani. Sisi wengine hatukusikia kitu. Mama hakubishana. Alipasua mto, akamziba masikio kwa sufi, akajifunga naye kiunoni kwa kitenge, akaendelea kulima.

Daktari anasema zipo dawa za kuziba masikio ya uvimbe, na mara nyingi wenye chanya hiyo huendelea vizuri kuliko wasio nayo. Hakuahidi, nami siahidi.

Jana nilimuuliza Ana kama bado anaitwa.

"Kila siku," akasema. "Lete gunia lingine."

Meza dawa, mama.

Bibi yako